Meza Iliyorefuka

Jioni hiyo mke wa seremala alikuwa akipakua chakula, mwanawe fundi umeme akisimulia jambo la kazini, na binti yake, muuguzi, akacheka mpaka akapaliwa na maji. Seremala naye akacheka. Kisha akauliza, "Amesema nini?"

"Si kitu, baba. Wewe kula," mwanawe akamjibu.

Meza ikarefuka kwa upana wa kiganja, upande wa seremala. Akavuta kiti nyuma kidogo, akaendelea kula.

Msumeno wa umeme ulikuwa umemla masikio kwa miaka mingi. Alipewa kifaa cha kuvaa sikioni, lakini mezani kilimletea zaidi kelele za vijiko. Alichoomba kilikuwa rahisi: "Mniangalie mnapoongea, tena mmoja mmoja." Siku waliyomtii, meza haikusogea, na seremala alilala na furaha aliyokuwa ameshaisahau. Kesho yake wakarudia yale yale. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na njaa, na maneno yalikuwa mengi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Ubao mrefu hulegea katikati, kwa hiyo seremala aliongeza miguu. Meza ilipofika mlangoni, mlango uling'olewa. Ilipoingia stoo, mkewe alihamisha makopo ya rangi ili mumewe apate pa kukaa.

"Afadhali huko," alimwambia shemeji yake aliyekuja kuwasalimia. "Hapigwi na upepo."

Sahani yake ilisukumwa kwa mpini wa ufagio, ikafika chakula kimepoa. Hatimaye kiti kiligota ukutani na ukingo wa meza ukamgusa kifua. Akimaliza kula, alitoka kwa kutambaa chini ya meza. Aliacha kuuliza, maana kila jibu lingembana zaidi, na hilo lilimuuma kuliko uziwi wenyewe.

Jioni moja alimwona binti yake kule mbali amesimama, anaongea huku anafuta macho. Mama yake akamkumbatia. Kaka yake akapiga makofi. Seremala akashindwa kujizuia.

"Kuna nini huko, jamani?"

Mkewe akageuka, akatabasamu, akapunga mkono. Midomo yake haikuwa na ugumu wowote kuisoma: si kitu. Meza ikamsukuma hadi pumzi ikawa nusu nusu, na alipotambaa kutoka, wenzake walikuwa wameshalala.

Asubuhi kitanda cha binti kilikuwa godoro tupu na kabati lake liko wazi. Seremala akamwuliza mkewe mtoto yuko wapi. Mkewe akaacha kufagia, akamshika bega, akamtazama usoni na kusema pole pole, neno moja moja, vizuri kabisa:

"Amepata kazi ng'ambo. Mbona alituaga jana mezani, baba watoto? Na wewe ulikuwepo."