Jasho la Dindira

Semboja alikuwa dalali wa ng'ombe kwenye mnada wa Handeni, na kazi ya dalali ni kumsemea asiyeweza kujisemea. Ng'ombe akikohoa, Semboja alisema anacheka. Ng'ombe akichechemea, alisema hayo ndiyo madaha ya ukoo wao. Alikuwa hodari wa kazi, ila alikuwa na ugonjwa wa mahodari wengi: jioni alirudi nayo nyumbani.

Nyumbani alikuwa na mkewe Raheli, aliyemwoa kutoka Dindira, huko juu kwenye chai na ukungu. Raheli alikuwa mpole, mtu wa kufikiri kwanza ndipo aseme, na Semboja hakuwa na subira ya kungoja. Mtu akimuuliza Raheli habari za nyumbani, jibu lilitoka kwa Semboja. Jirani akiuliza kama mafua yake yamepona, Semboja alikuwa amekwisha kumponya.

Mwaka mmoja Raheli akabadilika. Alianza kuamka kabla ya jogoo, akafagia uwanja wake, akimaliza akaingia kufagia wa jirani. Alikula ugali wa watu wawili na bado akazidi kukonda, mpaka sketi zake zikawa za kubana kwa pini. Mikono ilimtetemeka akimimina chai. Usiku alitupa shuka na kulalamika joto. Na yule mpole akawa na maneno! Asubuhi alianzia kwenye chumvi ya mboga, na kufikia mchana alikuwa amekwisha fika kwenye mahari. Semboja alimpenda mkewe na alikuwa ameanza kumwogopa, na mambo hayo mawili hukaa nyumba moja bila kugombana.

"Raheli, mbona unakwisha hivyo?" wanawake wenzake walimuuliza bombani.

"Joto la Handeni," Semboja alijibu, ingawa alikuwa akipita tu na baiskeli yake. "Huyu ni mtu wa milimani. Kwao wanalala na sweta. Atazoea."

Watu wakakubali, kwa kuwa Handeni hakuna jambo ambalo joto halijapata kusingiziwa. Kwamba Raheli alikuwa ameishi mjini hapo miaka mingi bila kuyeyuka, hilo halikumjia mtu. Hata shingo yake ilipovimba kidogo kwa mbele, Semboja alitangaza kwamba mkewe ameanza kunawiri, ila ameanzia juu.

Jioni moja walipata mgeni. Mgeni akamuuliza Raheli kama anatumia sukari kwenye chai. Semboja akasema hatumii. Raheli akaweka birika chini, akaingia chumbani, akatoka na begi.

"Naenda kwetu," alisema. "Huko nikiulizwa kama natumia sukari, nitajibu mwenyewe."

Nyumba ikabaki kimya, na Semboja akagundua kwamba ukimya hauuziki hata usifiwe vipi. Usingizi ulimpaa. Alimtaka mkewe arudi, basi, hakukuwa na la kuficha. Akamtafuta Mhina, mshenga wake, aliyempeleka ukweni mara ya kwanza, kwa maana mke aliyeondoka kwa hasira hafuatwi bila mshenga wala kwa mikono mitupu. Wakachukua mbuzi, wakapita Korogwe, wakaanza kupanda milima. Njia nzima Semboja alikuwa akipanga hotuba, na mbuzi ndiye aliyeisikiliza yote.

Walipokelewa sebuleni kwa baba yake Raheli, Mzee Lukasi. Ukungu ulikuwa umefika mlangoni. Wazee wa ukoo, walioitwa kwenye kikao, walikuwa na makoti, Mzee Lukasi amejifunika blanketi, na meno ya Mhina yalikuwa yakigongana. Kisha Raheli akaingia, amevaa blauzi nyepesi na kanga tu, anajipepea kwa kipande cha boksi. Jasho lilikuwa likimtiririka mpaka kidevuni.

Semboja alikuwa amekwisha simama. "Shikamoo baba, shikamooni wazee wangu. Mimi naona yote haya ni joto la Handeni."

"Joto lipi?" Mzee Lukasi akauliza, akilivuta blanketi lake.

Semboja akamtazama mkewe, akautazama ukungu, na hotuba yote ikamkauka.

"Nikiulizwa, anajibu yeye," Raheli akasema kwa mbio, maneno yakipandana. "Mwaka mzima naumwa, baba, na kila aliyeniuliza aliambiwa ni joto. Mimi nimekuwa ng'ombe wa mnadani? Sirudi."

Aibu ilimshika Semboja mpaka masikio yakawasha. Wazee wakanong'onezana, na Mzee Lukasi akatoa uamuzi. Kesi ya mgonjwa haisikilizwi. Mume ampeleke mkewe hospitali Korogwe, na akipona kikao kitakaa tena. Mbuzi angebaki Dindira kama kielelezo.

Hospitalini walimkuta Daktari Alifiya, mzaliwa wa hapo hapo Korogwe, ambaye wazazi wake wana duka la vitambaa mjini.

"Mama, unasikia moyo ukienda mbio?"

"Sana," akasema Semboja.

"Nimemuuliza mama."

"Anasema sana."

Daktari akachukua kipimajoto, akamtia Semboja mdomoni. "Shikilia hapo, baba. Usifungue mdomo mpaka nikwambie."

Semboja akashikilia, na kwa mara ya kwanza mwaka huo Raheli akaeleza maradhi yake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Daktari akampima mapigo, akamshika shingo, akamwambia ameze mate, akatoa damu ipimwe.

Majibu yalipotoka aliwaita wote wawili. "Shida ni tezi hii ya shingoni," alisema. "Kazi yake ni kumwaga homoni kwenye damu, na homoni hizo zinapita kwenye moyo, tumboni, kwenye misuli, hata kwenye usingizi, zinapanga moto wa mwili uwe mkubwa au mdogo. Chini ya ubongo kuna tezi nyingine, ndogo kama njegere, ndiyo inayoiamuru hii: ongeza, punguza. Sasa kinga ya mwili wa mama imekosea, inaichochea tezi ya shingoni bila kupumzika. Ile ya juu imenyamaza kabisa, lakini hii haijali, inamwaga tu. Ndiyo maana anakula na kukonda. Chakula kinaungua kabla hakijamfaa."

Akamwandikia vidonge vya kupunguza homoni na vingine vya kutuliza moyo. Raheli akalia kidogo, kwa kujua kwamba alichokuwa nacho kina jina.

Semboja alibaki nyuma mlangoni. "Daktari, na yale maneno aliyonisema kule ukweni? Ni ya homoni, siyo?"

"Homoni zinaongeza mwendo tu, baba. Maneno ni yake."

Jibu hilo hakulipenda, akaamua kwamba daktari bado ni kijana.

Miezi ikapita. Raheli alikaa Dindira akimeza dawa, akishuka Korogwe kupimwa damu. Kikao kilipokaa tena, alikuwa amejaa mashavu, mikono imetulia, na amevaa sweta kama watu wengine.

"Mwanangu," Mzee Lukasi akasema, "sasa umepona. Yale uliyoyasema siku ile yalikuwa ya ugonjwa, au yalikuwa yako?"

Semboja alikuwa na jibu, tena zuri. Akaziba mdomo kwa kiganja.

Raheli akafikiri. Chai ikapoa. "Yalikuwa yangu," akasema, kisha akayarudia yote polepole, moja moja, na safari hii kila mtu sebuleni aliyasikia. Semboja aliyasikia zaidi ya wote.

"Basi utarudi kwa mumeo, au hurudi?"

Raheli akafikiri tena. Akafikiri mpaka Mhina akakohoa. Semboja akaongeza mkono wa pili juu ya ule wa kwanza, na machozi yakamlengalenga.

"Semboja, una nini?" akauliza Mzee Lukasi. "Jino?"

"Haumwi jino, baba," Raheli akajibu. "Ananisubiri. Kesho asubuhi tutaondoka wote."

Semboja, aliyeulizwa yeye na kusemewa na mkewe, akaitikia kwa kichwa.