Meza ya Mcheri na Kizibo cha Obrad

Mume wangu Svetozar alikufa akiamini kwamba aliua mcheri wetu kwa msumeno wake mwenyewe. Mti ule aliupanda baba yake. Mwishoni mwa baridi Svetozar alikata tawi moja lililokuwa likigonga dirisha, na kufikia kiangazi mti mzima ukawa umekauka. Yeye alikuwa seremala, kwa hiyo kijiji kizima kilipata cha kucheka, na aliyecheka kwa sauti kuliko wote ni jirani yetu Obrad, fundi wa mapipa.

"Svetozar akishika msumeno," alikuwa akisema pale dukani, "hata nguzo ya umeme inanyauka!"

Svetozar alicheka pamoja nao, kisha akarudi nyumbani akakaa mbele ya ule mti bila kula. Baridi iliyofuata ikamchukua. Siku za mwisho alikuwa akiniambia, "Vidosava, nisamehe mti wa baba." Nami, mjinga, nikamsamehe.

Baada ya msiba niliupeleka mti kupasuliwa. Nilitaka meza ndogo tu ya kumkumbukia. Nimeshinda karakanani kwake miaka yote ya ndoa, yeye akikata, mimi nikipiga msasa na kupaka mafuta, kwa hiyo asinihurumie mtu. Gogo lilipofunguka kwenye mashine, mpasuaji wetu Ljubomir alizima injini. Kwenye ubao wa kwanza kulikuwa na duara la njano kama kiini cha yai, na weusi umelizunguka na kushuka ndani ya nyuzi za mti. Ubao wa pili, duara lile lile, dogo kidogo. Mtu alikuwa ametoboa mti, akamimina sumu, akaziba.

"Hiki kizibo si cheri," alisema Ljubomir.

"Najua si cheri."

Ulikuwa mforosadi, wenye mbao za njano, na katika bonde letu lote ni mtu mmoja tu anayechonga vizibo vya mforosadi. Mhuni wa kawaida angeziba kwa udongo akaenda zake. Lakini fundi wa mapipa hawezi kuacha tundu linalovuja, mkono wake unakataa. Obrad alikichonga kizibo chake vizuri, akakigonga kikaingia sawasawa, akakikata usawa wa gome na kukipaka matope. Mti wetu ulikuwa ukitia kivuli uani kwake, anapokaushia mbao. Alituomba tuukate, tukakataa. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilimtukana pale mashineni mpaka Ljubomir akavua kofia.

"Usimwambie mtu," nikamwomba.

"Mpaka lini, dada?"

"Mpaka sikukuu ya Mtakatifu Nikola ya mwaka kesho, mbao zikishakauka."

Sikutaka polisi. Nilitaka Obrad aseme kwa mdomo wake, mbele ya watu wale wale waliocheka, kwamba Svetozar hakuukosea ule mti.

Mbao zilikaa darini mwaka mzima na zaidi. Subira huvuta heri, wanasema, lakini yangu ilikuwa ikivuta kitu kingine. Vuli nikaanza. Nilichonga miguu minne, minene juu, myembamba chini, kama alivyopenda yeye. Nikachonga ndimi za kuungia na matundu yake, nikaziunga kavu kwanza, kisha kwa gundi. Mguu mmoja niliugonga kwa hasira, nikimwaza Obrad, ulimi ukapasuka, ikabidi niuchonge upya. Tangu hapo kila nilipomkumbuka niliweka nyundo chini nikaenda kukata kuni.

Uso wa meza niliupanga kwa makusudi. Duara la njano nililiweka pembeni, pale mgeni anapotua glasi yake. Cheri iliyotoka kwenye randa imepauka, jua ndilo huipa wekundu. Basi nikaiweka meza kwenye dirisha la kusini, na juu ya duara nikabandika kipande cha kadibodi ukubwa ule ule, jua lisiliguse. Nilipokibandua, meza ilikuwa nyekundu na kizibo bado njano kabisa. Kisha mafuta ya kitani: nikapaka, nikafuta, nikangoja, nikapitisha msasa laini, nikapaka tena. Kila mkono wa mafuta ulizidi kuudhihirisha ule weusi wa sumu. Haki ya Mungu, sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama kile.

Mtakatifu Nikola ndiye mtakatifu wa nyumba yetu, na sikukuu kama hiyo kwetu haina mwaliko. Anayekuja anakuja, hafukuzwi, naye hakatai anachopewa, na mwenye nyumba haketi. Obrad aliingia na mkewe Rosanda, theluji mabegani.

"Shemeji! Samaki wako tayari? Tumbo langu linaimba tangu kanisani!"

"Karibu, jirani. Kiti chako kile pale, karibu na jiko."

Akaketi. "Mbona meza haina kitambaa? Umaskini umeingia?"

"Nataka watu waione kazi."

Nikampa kijiko cha ngano tamu ya sikukuu, nikammiminia rakija, pombe yetu kali ya matunda, glasi nikaitua juu ya duara. Aliiinua anywe, macho yakashuka, mkono ukasimama.

"Jirani," nikasema, chumba kizima kisikie, "wewe ndiye mjuzi. Mti gani huu wa njano ndani ya cheri yangu?"

Watu wakanyoosha shingo.

"Mwaloni," akasema.

Ljubomir akaangua kicheko. "Mwaloni! Jamani, kaangalieni mapipa yenu, huenda kawachongea msonobari!"

Watu wakacheka, na uso wa Obrad ukaiva. "Ni mforosadi, mpumbavu wewe! Mimi nisiujue mforosadi?"

"Uliingiaje kwenye mti wa Svetozar?" nikauliza.

Padri wetu, aliyeketi miongoni mwa wageni, akainuka nusu. "Dada Vidosava, leo ni sikukuu. Kusamehe..."

"Nitasamehe, baba. Kwanza nijue ninasamehe nini."

Rosanda aliweka kijiko chini. "Obrad, umenichekesha miaka yote hii na hiyo nguzo ya umeme. Sema."

"Kivuli," akasema Obrad. "Mbao zangu zilikuwa zikiota ukungu."

"Sikuuliza habari za ukungu."

Alitazama milango yote miwili. "Ni mimi. Svetozar hakuukosea mti."

Ilikuwa tamu. Wanaosema kisasi hakishibishi hawajawahi kukila kikiwa moto. Nikamjazia glasi, akanywa. Nikamletea samaki, akala mbele ya watu wote waliomkodolea macho, juu ya mcheri wa mume wangu.

"Kula, jirani. Maharage yapo pia."

Mlangoni nikamzuia. "Sisi umetuambia. Bado mwenyewe. Kesho asubuhi, makaburini."

"Shemeji, baridi yote hii..."

"Atakuja," alisema Rosanda.

Alikuja, theluji mpaka magotini. Akavua kofia, akasimama mbele ya jiwe la mume wangu, akanung'unika kitu kwenye kola ya koti lake.

"Paza sauti, Obrad," nikamwambia. "Yuko chini sana."