Saa Nne za Ndege

Umetazama kando. Usikatae. Ndege ilipotua bondeni Ruwi, vumbi likapanda hadi ubavuni mwa jabali, wewe ulijifuta macho kwa ncha ya kilemba, ukashukuru kupata kisingizio cha kutomwona Bi Mahfoudha, aliyekimbilia huku kwa mababu wa Kiarabu Unguja ilipopinduliwa, amesimama juani.

Alikuwa akimngoja Thani, karani wa kampuni ya mafuta, anayerudi kutoka London. Thani alimletea khabari mbili. Mwana wa mama huyu, Harub, kalazwa hospitali kule London, kifua kimemwisha, anamwita dadake. Na dadake, Aliya, aliyekwenda Moscow kusomea udaktari kabla Unguja haijapinduliwa, hayuko mbali naye: ndege baina ya miji ile haikai angani hata saa nne.

Mama alicheka na machozi yakimtoka. "Kumbe wanangu majirani," alisema. "Chai anywe kwake, mchana ale kwa nduguye."

Saa nne za ndege. Punda wa samaki kutoka pwani ya Azaiba huchukua zaidi kufika soko la Matrah. Ulaya imekunjwa kama leso, mito yake, misitu yake, theluji yake, vyote hupita chini ya bawa. Lakini bawa halimbebi asiye na pasi, na pasi ya Aliya ilikufa na nchi iliyoitoa. Apate mpya, sharti mkubwa wa kabila aseme mbele ya wali, mtawala wa mji huu, maneno matatu: huyu ni wetu.

Mama akaenda kwa Sheikh Marhoon, mkubwa wa kabila. Nawe ulikuwepo, mgongo ukutani, tende mkononi. Akamiminiwa kahawa, akainywa, kwa adabu aliyolelewa nayo Unguja: mgeni hunywa kwanza, ndipo asemapo. Hakujua kwamba huku mwenye haja hukiweka kikombe chini, hakigusi, mpaka mwenye nyumba amwahidi. Akanywa. Akasema haja yake.

"Kahawa yangu umeshakunywa, Bi Mahfoudha," alijibu Marhoon. "Hunidai neno." Akaongeza kwamba msichana aliyekwenda kwa wasiomjua Mungu, kabila akalitafute huko huko.

Mmoja wenu akacheka. Wewe ukatazama tende yako.

Marhoon huyu! Alishuka Unguja na kanzu moja, chumvi imemkaukia mgongoni. Nani aliyemshika mkono mbele ya wenye maduka ya Darajani akasema, huyu ni wetu? Mume wa Bi Mahfoudha, Mungu amrehemu. Hakumwuliza anatoka kwa nani. Alimlisha, akanenepa, leo anaitwa sheikh.

Saa nne za ndege, na ulimi wa mtu mmoja umezigeuza umri mzima. Huku kaka anakohoa, kule dada anahesabu mawingu. Wanaopima umbali kwa maili hawajakupima wewe, uliyenyamaza.

"Ntarudi kesho," mama alisema mlangoni. "Nna kiu, lakini sinywi."

Kesho yenyewe ndiyo leo. Inuka. Ingia naye kwa Marhoon, na kahawa ikimiminwa, kikombe chako kiweke chini kando ya chake. Vipoe. Viote utando. Asiposema, nenda wewe kwa wali, hata kama si mkubwa wao, maana kabila lake ndilo lako, useme: huyu ni wetu. Nenda sasa, Harub angali anaita. Vumbi lile ulilolifuta machoni, likaonekane miguuni mwako.