Anayesaidiwa Hurudia

Mimi nikinyamaza, ujue nimelala au nimekasirika, na nikikasirika sinyamazi muda mrefu. Wenzangu shuleni wananiita Redio. Mwanzoni nilinuna, siku hizi naitika.

Nafundisha darasa la pili katika shule ndogo iliyo nyuma ya kanisa. Ina madarasa machache, uwanja wa changarawe, na kengele yetu ni rimu ya gari iliyoning'inizwa kwa waya. Tunafundisha kwa njia ya zamani na hatuoni haya. Katika madarasa ya chini mtoto haulizwi anaonaje. Anashika kwa moyo. Anaimba jedwali la kuzidisha, anaimba wafalme wa kale kwa mfuatano wao, anaimba minyambuliko ya Kilatini, meza, ya meza, kwa meza, ewe meza, huku anapiga makofi na wala hajui meza hiyo itamfaa nini. Anasomewa kisa mara moja tu, kisha anasimama kukisimulia. Ananakili mstari mmoja kwa mwandiko wa kupendeza, na akikosea anaanza upya. Juu ya yote anaimba maswali ya imani na majibu yake, ambayo Mwalimu Mkuu aliyatunga mwenyewe alipoanzisha shule.

Wazazi huja kulalamika. "Kilatini cha nini, Mwalimu? Ataongea na nani, na wenyewe walishakufa?" Mwalimu Mkuu huwajibu jambo lile lile kila mwaka: "Kwanza tujaze ghala. Mpishi atakuja baadaye."

Huwajibu polepole. Mungu anisamehe, lakini yule mzee alikuwa ananimaliza. Anaongea kama mtu anayechambua mchele, anatoa neno hili, anapumzika, anatoa jingine, na kidole kinagonga mshono wa suruali. Matangazo ya asubuhi, hata la kusema bomba la choo limepasuka, anayasoma kwenye karatasi. Ukimuuliza jambo kwenye korido anakutazama, anatabasamu, anaenda zake, na jibu unalipata kesho. Mimi nilisema hayo ni maringo ya wazee waliosoma. Siku moja katika chumba cha walimu niliwaambia wenzangu, "Nyumba yake ikiungua, akimaliza kuita 'moto' tutazoa majivu." Walicheka hadi chai ikawapalia.

Mwisho wa mwaka tuna Siku ya Kusimama. Kila mtoto wa darasa la pili anasimama peke yake juu ya zulia dogo jekundu kanisani, mbele ya wazazi, anajibu maswali yote ya imani, ndipo anapanda darasa la tatu. Sheria ni mbili. Hakuna kumharakisha, na hakuna kumsaidia. Anayesaidiwa hurudia darasa. Kuna mama mmoja aliwahi kukohoa kikohozi chenye neno ndani yake, na mwanawe akarudia kweli. Sheria ya kwanza sikuijali. Hiyo ya pili niliiona ni ukatili mtupu.

Niliiona hivyo kwa sababu ya Chiriku. Huyu ni binti wa mdogo wangu wa kiume, fundi wa kuchomelea mageti, na nyumba zetu zimegusana ukuta. Bibi yake ndiye aliyempa jina hilo, maana alipokuwa mchanga alibwabwaja kutwa nzima kama ndege huyo. Alipofika umri wa kusema maneno ya watu, maneno yakaanza kukwama mlangoni. Ni kigugumizi, tena si cha mchezo. Lakini mweke na wenzake darasani waimbe, sauti yake ndiyo inayowavuta wote, haina hata kokoto. Mtoe pembeni umuulize jina lake, utaota mizizi.

Mimi sikuota mizizi. Kila asubuhi tulipita dukani pamoja tukielekea shule, na kila asubuhi Chiriku alishika ukingo wa kaunta akaanza, "Na-naomba m-m-m..."

"Mkate!" nasema mimi. "Mpe mkate huyo, tumechelewa."

Muuza duka anatoa mkate, tunaondoka. Nilifanya hivyo kwake, kwangu, kanisani, kwa majirani. Nilijiona shangazi ambaye watoto wengine wangeomba kuazimwa.

Mwaka ule ulipokaribia kuisha, baba yake alinijia jioni, miwani ya kuchomelea bado iko juu ya paji la uso.

"Dada, unajua watoto wa mtaani wanamwitaje mwanangu? Wanamwita Pikipiki Mbovu. Akipita wanajifanya wanapiga kiki kumwasha."

"Waje kwangu niwapige kiki mimi."

"Sitanii, dada. Hiyo Siku yenu ya Kusimama, nikiaibishwa mbele ya watu na mtoto akarudia darasa, namtoa. Nampeleka kwa bibi yake akakae nyumbani mpaka ulimi utengemae."

"Ulimi ni geti, useme utaunyoosha kwa nyundo?"

Hakucheka. Mdogo wangu ni mpole, lakini akisema namtoa, anatoa. Nami nilijua huko kwa bibi yake hakuna wenzake wa kuimba nao. Mdomo wake ulifunguka mahali pamoja tu duniani, darasani kwangu, na sasa tungepafunga.

Kesho yake nikamfuata Mwalimu Mkuu ofisini. Sikukaa.

"Mzee, nina ombi. Chiriku asimame na mwenzake. Mmoja tu, waimbe pamoja. Hakuna atakayekufa."

Kidole kikaanza kugonga mshono. "Kila mtoto. Husimama. Peke yake."

"Ana kigugumizi!"

"Najua."

"Unajua halafu unanitazama tu?"

Akagonga, akagonga. "Mwalimu. Umewahi. Kumsubiri?"

"Nimsubiri wa nini, mzee wangu? Mimi ndiye ninayemsemea!"

Akafumbua mdomo kama anayetaka kuongeza neno. Midomo ikatetemeka kidogo. Kisha akaufunga, akachukua chaki zake akatoka, akaniacha nimesimama na meza. Niliuambia mgongo wake maneno ambayo hapa si mahali pake.

Basi nikafanya kazi na mtoto nyumbani. Kila jioni baada ya kuosha vyombo nilimpandisha juu ya kigoda jikoni, nikamuuliza. Maswali ya mwanzo alipita. Akikwama, nampa neno, anaendelea. "Umeona?" nasema. "Unaweza!" Yeye ananitazama tu, anashuka kigodani. Wifi yangu, mama yake, aliwahi kuniambia, "Wifi, hivi anayefanya mtihani ni nani?" Nikamwambia akachemshe chai.

Siku ilifika. Kanisa lilijaa, watu wamevaa vizuri, viti vya plastiki vinalia kila mtu akijigeuza. Watoto wa shule wamekaa chini mbele, mikono magotini. Mdogo wangu alikaa karibu na mlango, amevaa shati lililopigwa pasi, kofia gotini. Alikaa kama mtu asiye na mpango wa kukaa.

Watoto wangu walipanda zuliani mmoja mmoja. Mwalimu Mkuu aliuliza maswali yake, yale aliyoyauliza miaka yote, na hapo sauti yake ilikuwa inateleza kama maji, ajabu. Mtoto anajibu, wazazi wanapiga makofi, anashuka.

"Chiriku."

Akapanda. Gauni lake la bluu nililishona mwenyewe. Swali la kwanza akajibu, akajikwaa kidogo, akapita. La pili, la tatu. Nilikuwa nimesimama ukutani na walimu wenzangu, na kucha zangu zimenichoma viganja. Akaenda hivyo, mara anajikwaa, mara anapita, mpaka swali la mwisho.

"Nani aliyekupa sauti?"

Jibu lake ni, Mungu ndiye aliyenipa sauti, naye huisubiri. Nimelifundisha miaka nenda miaka rudi. Siku zote nilidhani hayo maneno mawili ya mwisho yamewekwa kujazia wimbo.

"M-m-m..." Chiriku akasema.

Akafunga macho. "M-m-m..." Mishipa ya shingo ikamsimama. Kiti kikalia nyuma. Mtu akakohoa, kikohozi cha kweli. "M-m..." Nikamwona mdogo wangu ameinua kofia kutoka gotini. Jamani, mimi ni binadamu. Neno lilikuwa limenijaa mdomoni, nalo likatoka lenyewe.

"Mungu!"

Lilitua katikati ya kanisa kama sufuria iliyoanguka. Kila mtu alilisikia. Walimu wenzangu wakanigeukia, na mmoja akasema taratibu, "Ah, Redio." Maji yalikwisha kumwagika. Mtoto wa watu nimemuangusha mimi, kwa mdomo wangu mwenyewe, mita chache kutoka kwa baba yake, ambaye sasa alikuwa amesimama.

Chiriku akafumbua macho, akanitafuta pale ukutani. Nilitegemea machozi. Hayakuwapo. Mtoto alikuwa amekasirika, amekasirika kabisa kama mtu mzima.

"Sha-sha-shangazi," akasema, mbele ya watu wote. "Ni-ni-ni... niache."

Nilisikia uso unaniwaka hadi masikioni. Katika maisha yake yote hilo lilikuwa neno la kwanza kumkwama akalimaliza mwenyewe akiongea nami.

Mwalimu Mkuu akainuka atoe hukumu. Karatasi yake iko mezani, lakini jambo hili halikuwamo kwenye karatasi. Akaanza kugonga mshono wa suruali.

"Mtoto huyu," akasema. "Mtoto huyu ha... ha-ha..."

Akakwama. Kidole kikagonga haraka zaidi. "Ha-ha-ha..." Shingoni ikamsimama mishipa ileile niliyotoka kuiona zuliani. Nyuma kuna mzazi alicheka puani, akadhani mzee anatania. Kisha kanisa likaanza kuelewa, safu kwa safu, na mimi nikaelewa pamoja nao. Zile karatasi. Majibu ya kesho. Yale maneno yaliyochambuliwa kama mchele. Na mimi katika chumba cha walimu nikiwachekesha watu hadi chai iwapalie. Laiti sakafu ingefunguka.

Watu wazima walianza kuhangaika, wanaangalia dari, wanaangalia viatu. Watoto hawakuhangaika. Walikaa mikono magotini, nyuso zimeinuliwa kwake, wanangoja tu, kama walivyofundishwa, na Chiriku juu ya zulia anamngoja kuliko wote. Mimi nilikuwa na neno. Nilijua anachotaka kusema, "hajafaulu," kila mtu alijua, na ulimi ulinikaa tayari. Nikauma mdomo mpaka nikasikia chumvi.

"Ha-ha... hakusaidiwa," akasema Mwalimu Mkuu.

Akavuta pumzi.

"Ali-li-likatizwa. Kusaidiwa ni... ni kitu kingine." Akapangusa paji la uso kwa kitambaa, akamgeukia mtoto, na sauti yake ya maswali ikarudi kuteleza. "Nani aliyekupa sauti?"

Chiriku hakufunga macho safari hii. Alikwama palepale pa mwanzo, na alikwama sana, msije mkadhani kigugumizi kilitoweka kama kwenye hadithi. Tulikaa. Mtoto mchanga alilia, akanyonyeshwa, akanyamaza, bado tumekaa. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni na kofia kifuani.

"M-m-m-Mungu ndiye a-a-aliyenipa sauti," akasema Chiriku. "Naye. Hu-huisubiri."

Hapakuwa na makofi mara moja. Nadhani watu waliogopa kumkatiza. Mpaka aliposhuka zuliani mwenyewe ndipo kanisa lilipolipuka. Mdogo wangu alirudi kukaa. Alilia waziwazi, fundi chuma mzima, na hakujifuta. Siku hiyo hakusema tena habari za kwa bibi, wala hajazisema hadi leo.

Watu walipotoka nilimfuata Mwalimu Mkuu aliyekuwa anakunja zulia. Nilitaka kumwomba radhi na nilikuwa nimeandaa maneno mengi mazuri. Nilipofungua mdomo hakikutoka kitu. Alinisubiri. Alikaa na zulia lake kwapani akanisubiri, hana haraka, hana kero, mpaka nikapata neno moja la "samahani," likanitoka limevunjika.

"Mwaka ujao," akasema, "zuliani. Utasimama. Wewe." Akacheka. Sikuwahi kumsikia anacheka.

Shule ilipofunguliwa tulipita dukani kama kawaida, Chiriku amebeba begi la darasa la tatu. Nyuma yetu kulikuwa na foleni. Akashika ukingo wa kaunta.

"Na-naomba m-m-m..."

Muuza duka, aliyetuzoea, akapeleka mkono kwenye rafu ya mikate. Nikamtolea macho. Mkono ukabaki hewani. Mtu wa nyuma akasema, "Jamani, mbona hivi?" Naye nikamgeukia, akatazama simu yake. Tukangoja.

"M-m-m-maziwa," akasema Chiriku.

Nikadhani sikusikia vizuri. "Maziwa? Si mkate?"

"Mkate si-siupendi, shangazi," akasema. "Si-sijawahi kuupenda."