Breki Iliyoota Jikoni

Kila jioni treni ya abiria ilipokaribia Nakuru, dereva Sitati alipiga honi mara mbili, na mkewe Chepchumba, kule Bondeni, akaweka maji ya ugali motoni. Sitati hakuwahi kula ugali uliopoa.

Kisha kampuni ya reli ikaleta kompyuta ya kufunga breki, ikang'oa mkono wa breki kwenye treni zote. Madereva waliachiwa honi tu. Wiki hiyohiyo mkono wa breki uliota jikoni kwa Sitati, ukatoboa sakafu ya simiti kando ya meko. Chepchumba aliupangusa vumbi, akautundikia kitambaa cha vyombo.

Siku moja lori la viazi lilizimika juu ya reli karibu na mtaa wa Free Area. Kompyuta haikuliona. Sitati alibonyeza honi bila kuiachilia, huku msaidizi wake Ndung'u, aliyekuwa msimamizi wa harusi ya Sitati, akisali kwa sauti. Chepchumba alisikia, akajua honi hiyo si ya ugali. Akauvuta mkono wa breki. Treni ikasimama karibu kabisa na lori, na abiria wakashuka kuulizia bei ya viazi.

Kampuni iliita kikao. Kompyuta haikosei, walisema, kwa hivyo dereva ndiye aliyeiingilia. Sitati alieleza habari za jikoni. Walimwamini; fundi wao alikuwa ameshakuja kuutia grisi mkono huo. Lakini kukubali kungekuwa kusema kompyuta ni kipofu, basi wakamgeukia Ndung'u.

"Nilimwona akivuta breki," Ndung'u alisema, akiangalia viatu vyake.

Hakuna aliyeuliza breki gani. Sitati alifutwa, Ndung'u akapewa kiti chake. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu hata suti ya kusimamia harusi alivalishwa na Sitati.

Jana jioni honi ililia tena bila kukoma. Chepchumba alikuwa nje akianua nguo. Sitati aliutazama mkono wa breki. Alimchukia Ndung'u kwa moyo wake wote. Akauvuta, kwa sababu ya abiria.

Treni ilisimama, ng'ombe waliokuwa relini wakavuka. Ndani ya mabehewa, sauti iliyorekodiwa iliwaambia abiria kwamba kompyuta imewaokoa. Treni ilipoondoka na kufika karibu na Bondeni, Ndung'u alipiga honi mara mbili, na Chepchumba akaingia mbio kuweka maji motoni.

"Toa sufuria," Sitati alimwambia. "Hiyo honi si yangu."