Mitego Niliyoifagia

Mimi ni mtu wa usafi. Wengine husema hivyo kwa unyenyekevu. Mimi nasema kwa kujisifu, mikono kiunoni. Bekari yangu ina vigae vyeupe kutoka sakafuni mpaka karibu na dari, na mteja akiingia na viatu vya matope namtazama mpaka arudi mlangoni kujifuta mwenyewe. Mume wangu husema hata nikifa nitaamka nilipangushe jeneza vumbi. Kwa hiyo mkisikia kwamba nilikuwa na wadudu kwenye unga, tafadhali msicheke kwa sauti. Chekeni polepole, nami nipo.

Vilikuwa vijidudu vyekundu, vidogo kuliko punje ya mchele, vyenye haraka ya kwenda kusikojulikana. Cha kwanza nilikiona juu ya meza ya kukandia. Nikakifinya kwa kidole, nikatazama nyuma yangu kama mwizi. Cha pili alikiona fundi wetu wa tanuri. Huyu tunamwita Hamira, maana asubuhi haumuki mpaka apate joto.

"Mama," akaniambia, "tuna wageni."

"Huo ni ufuta."

"Ufuta unatembea?"

"Wa siku hizi, ndiyo. Kafanye kazi."

Nilipowaona wanatoka wanne kwa pamoja, wamejipanga kama wanakwenda msibani, ikabidi nimpigie simu wifi yangu. Ni dada wa mume wangu, na kazi yake ni kuzuia wadudu na panya kwenye maghala na majiko ya watu. Kazi hiyo ameisomea, akaajiriwa, akachoka kuajiriwa. Siku chache tu kabla ya hapo alikuwa ameacha kazi ili ajitegemee, na bosi wake alimwambia mbele ya wenzake kwamba atarudi analia. Mimi ndiye niliyekuwa mteja wake wa kwanza. Masikini, hakujua ameanza na nani.

Alikuja mchana kweupe, foleni ya mikate imefika barazani, amevaa ovaroli jipya la kijani. Mgongoni lilikuwa na picha ya mende aliyepigwa mstari mwekundu. Mende mkubwa kama sahani! Nilimdaka mkono kabla hajavuka barabara.

"Wewe! Unataka kupita na hilo dude mbele ya wateja wangu?"

"Sasa nipite wapi, wifi?"

"Mlango wa nyuma. Na ulivue. Ukiulizwa, wewe ni msoma mita."

"Mita ya nini?"

"Ya maji, ya umeme, utajua mwenyewe!"

Akacheka, maana wifi yangu hana kinyongo. Akamkunja mende wake, akamtia kwenye mfuko, akazunguka nyuma. Tangu siku hiyo akawa anapita huko, kati ya mapipa ya taka na magunia matupu, kama mtu anayekuja kuiba.

Nilitegemea atakuja na pampu ya dawa, anyunyize, tumalize, nirudi kwenye sifa zangu. Alikuja na tochi, brashi na boksi la makaratasi.

"Dawa iko wapi?" nikamuuliza.

"Dawa ni ya mwisho. Kwanza tujue wanaingilia wapi, wanakula nini na wanalala wapi. Mtu ukimnyima mlango, chakula na kitanda, atakaa kwako?"

"Mama yako alikaa mwezi mzima."

Tulicheka mpaka Hamira akaja kuchungulia. Kisha akanifanyisha kazi. Tulivuta magunia yote kutoka ukutani, tukayapandisha juu ya chaga za mbao, tukaacha nafasi ya mtu kupita na ufagio. Mwanya wa chini ya mlango wa stoo akauziba kwa mpira. Akaamuru unga uliotangulia kuingia utangulie kutumika, na gunia jipya likaguliwe nje, kwenye mwanga, kabla ya kuvuka kizingiti. Sikuwa nimewahi kukagua gunia maishani mwangu. Nilidhani wadudu huzaliwa na uchafu, na kwa kuwa mimi si mchafu, basi wamekosea nyumba.

Halafu kulikuwa na ile mitego. Ni vijumba vya karatasi, ndani vina gundi na harufu ya jike. Madume yakiinusa huja mbio na kunasa. Nilimwambia wifi huo si mtego, huo ni uonevu. Kila kijumba alikiandika tarehe na mahali kilipokaa. Kila wiki aliweka vipya, na vile vya zamani, pamoja na maiti zake, akavipanga kwenye rafu ya stoo. Na hapo ndipo aliponiua.

"Si uvitupe, jamani? Vinatia kichefuchefu."

"Haya ndiyo macho yetu, wifi. Tazama wa mlangoni: mwanzo umejaa, huu una wachache, huu una mmoja. Hapo unajua kazi inakwenda. Usiviguse, nakuomba." Akainua kijumba kingine. "Ila huu wa kona ya ndani kila wiki wanaongezeka. Pale kuna nini?"

"Hakuna kitu."

Kulikuwa na kitu. Kulikuwa na gunia la unga nililoliweka akiba wakati unga ulipoadimika, likakaa, likachacha, na moyo ukagoma kulitupa. Mimi nimelelewa na mama aliyeokota punje sakafuni. Kwetu chakula hakitupwi. Wifi aliliona siku ya kwanza kabisa, akaniambia nilitoe. Nikasema kesho. Aliporudi nikasema kesho tena. Mwishowe nikalisukuma nyuma ya masinia mabovu, nikalifunika turubai, nikamwambia nimelitupa. Yeye akaamini. Mtego haukuamini.

Basi, kampuni moja yenye maduka makubwa ikaupenda mkate wangu. Walitaka kuuweka kwenye maduka yao yote, lakini kwanza mkaguzi wao aje aone unapopikwa. Nilirukaruka. Wifi naye akakaa juu ya ndoo.

"Wifi, hao hao wanatafuta mtu wa kuwaangalizia wadudu kwenye maghala yao. Nimeshaomba. Wamesema watakuja kuona kazi yangu hapa kwako." Akajifuta uso. "Ikikataa hii, narudi kwa yule bosi. Sina pengine."

"Itakataaje na mimi nipo?" nikamwambia.

Mkaguzi alikuwa aje asubuhi. Mchana wa siku iliyotangulia nilifunga mapema nikaanza kusafisha. Nilisugua vigae, tanuri, nikasugua na sabuni yenyewe. Nikaingia stoo, na pale rafuni nikakutana na vile vijumba vya maiti. Sasa niambieni: nani anamkaribisha mgeni sebuleni halafu anamwonyesha mende aliowaua? Mgeni huonyeshwa kitambaa kipya cha meza! Nikavikumba vyote kwa mkono mmoja, nikavitumbukiza kwenye pipa la nje pamoja na maganda ya mayai na majani ya chai. Mitego yote iliyowekwa nayo nikaing'oa, nikaweka mipya myeupe kutoka kwenye boksi lake. Ilipendeza kweli.

Hamira alisimama mlangoni. "Mama, si wifi yako alisema..."

"Bekari ni ya wifi au yangu?"

"Yako."

"Haya basi."

Asubuhi nilivaa gauni ninalolivaa kwenye harusi za watu. Wifi akaja kwa mlango wa nyuma, mfuko wake kwapani. Mkaguzi alikuwa mrefu, mkimya, na ana tochi kubwa kuliko ya wifi. Alipiga magoti, akachungulia chini ya tanuri. Akapitisha kidole nyuma ya friji, akakitazama, kikawa kisafi. Mimi nikajaa kama mkate. Kule kona ya ndani alimulika masinia tu, akapita.

Kisha akainama kwenye mtego wa mlangoni. Akaunyanyua, akaugeuza, akaurudisha. Akaenda kwenye mwingine.

"Nani anashughulika na wadudu hapa?"

"Ni mimi," wifi akasema.

"Hii haina tarehe. Tena ni mitupu. Ya wiki zilizopita iko wapi?"

Wifi aligeuka kuitazama rafu. Niliuona uso wake ukishuka.

"Hatuna wadudu, bwana mkaguzi," nikadakia kwa furaha. "Hata wa dawa!"

"Sikuuliza hivyo, mama. Penye unga, mdudu hujaribu kuingia. Mtego mpya usio na tarehe unaniambia kitu kimoja tu: hakuna anayetazama." Akazima tochi. Akasema bila kushusha sauti, na wifi amesimama pale pale: "Mahali pako ni pasafi sana. Tatizo ni huyu mtu wako. Badilisha mtu, mkataba nitaupitisha leo."

Nitasema kweli yangu: nilifurahi. Kwa kitambo kidogo niliuona mkate wangu kwenye rafu za maduka yote, umefungwa kwenye mfuko wenye jina langu. Kisha nikamtazama wifi. Alikuwa anangoja mimi nijibu, mikono imeshika ule mfuko wa ovaroli. Neno moja tu lingetosha: mitego ilikuwapo, ametupa huyu. Hakulisema. Mke wa kaka yake haaibishwi mbele ya mgeni. Mimi nimekuwa nikimpitisha nyuma siku zote hizo kwa kumwonea aibu, naye anakaa kimya akinisitiri huku nafasi yake inakwenda. Nilijisikia mdogo kuliko vile vijidudu. Na nilijua vizuri: nikivileta vile vijumba, na kile cha kona kitakuja.

"Ngojeni hapo hapo!" nikapiga kelele. "Mtu asitoke!"

Nilitoka mbio mpaka kwenye pipa. Pipa ni refu, mimi ni mfupi, na gauni la harusi halikushonwa kwa kazi hiyo. Niliinama mpaka miguu ikaacha ardhi. Hamira akaja akanishika vifundo nisizame.

"Huyu hapa!" nikasikika kutoka ndani. "Na huyu! Mtazameni huyu alivyonenepa!" Nilikuwa naitupa mitego nje mmoja mmoja, ina majani ya chai, ina ute wa mayai. Mwanamke aliyeapa dakika chache kabla kwamba hana mdudu hata mmoja, sasa anawanadi kama nyanya. "Tarehe si hizo? Soma! Mwandiko wa wifi yangu huo! Alivipanga vyote, nikavifagia mimi, kwa ujinga wangu mwenyewe!"

Niliposimama nilikuwa na ganda la yai kwenye nywele. Wifi alikuwa amepiga magoti, anavifuta vijumba kwa mkono wa blauzi yake na kuvipanga chini kwa tarehe. Mkaguzi akachuchumaa karibu naye. Wifi akaanza kumweleza: hapa kabla ya kuziba mlango, hapa baada ya kuinua magunia. Sauti yake ilianza chini, ikapanda. Yule bwana akawa anatikisa kichwa kukubali.

"Na huu wa kona?" akauliza. "Mbona unazidi?"

Wifi akasita. Hata hapo alitaka kunisitiri.

"Njoo nikuonyeshe," nikasema.

Nikavuta masinia, nikafunua turubai, nikafungua gunia. Sitaeleza sana. Unga ulikuwa unatembea.

Mkaguzi hakufoka. Aliniambia sipati mkataba; nitoe hilo gunia leo, na atarudi mitego ya kona ikishamwambia kwamba nimeacha uongo. Kisha akamgeukia wifi. "Mitego yako ilijua gunia liko wapi kabla yetu. Nakupataje wiki ijayo?" Wifi hakuwa na kadi. Akafungua mfuko, akalikunjua ovaroli, akalivaa na kumpa mgongo. Namba yake ya simu ilikuwa imeandikwa pale chini ya mende, na mimi ndiye niliyeificha muda wote huo. Mkaguzi akainakili amesimama, naye wifi analia na kucheka.

Jioni mume wangu alisema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Nikamwambia ale anyamaze.

Siku chache baadaye, foleni imefika barazani, nikasikia mlango wa nyuma unagongwa. Nikafungua dirisha.

"Zunguka mbele," nikamwambia.

"Wifi, watu wamejaa."

"Ndiyo. Na usilivue."

Akaja kwa mbele na mende wake mgongoni, watu wanampisha. Mama mmoja jirani yangu, mtu wa usafi kama mimi, akaurudisha mkate mezani. "Kumbe hapa kuna wadudu?"

Nilihisi joto mpaka masikioni, lakini nikaweka mikono kiunoni. "Wapo. Huyu ni wifi yangu, na ndiye anayewazuia. Ukitaka kuwaona, mitego iko rafuni, ina tarehe. Mkate unachukua au huchukui?"

Akautazama mkate, akamtazama wifi. Akauchukua. Lakini hakutoka. Alisubiri mpaka wifi alipoinama kwenye mtego wa mlangoni, akamsogelea, akatazama huku na huku, kisha akamnong'oneza.

"Dada, na kwangu ungekuja lini?" Akaukumbatia mkate wake. "Ila upitie mlango wa nyuma."