Usiku Mmoja Bila Waya

Siku Bi Amne alipotoka eda, mwanawe Sufyan alimuuliza anataka afanyiwe nini. Alidhani atasema Umra. Bi Amne akasema anataka kulala usiku mmoja jangwani, ndani ya karavani ya marehemu mumewe.

Karavani yenyewe ilikuwa uani, hapo mtaani Al Warqa, imefunikwa turubai. Lilikuwa gari la zamani lenye vitanda viwili, jiko, choo, na makabati yaliyoanza kulegea milango. Zamani, kila baridi ikiingia, Mzee Mundhir alilitia mafuta, akampakia mkewe, wakaenda kulala mchangani mbali na taa za mji. Kisha Bi Amne akaanza kukatikiwa na pumzi usingizini. Hospitali ikampa mashine, kijisanduku cha kuweka kando ya kitanda, na mpira wa kumpulizia hewa puani mpaka asubuhi. Mashine inataka stima, na jangwani hakuna ukuta wa kuchomeka waya. Ikapita miaka mitatu hawaendi. Mzee akawa anaingia humo uani tu na kikombe chake cha chai, hadi siku alipofariki.

Sufyan hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa mwoga wa kufiwa mara ya pili, basi. Mnunuzi wa karavani alikwishampata, na Jumamosi angekuja kuichukua. Akamweleza mama yake kwa upole kwamba gari limechoka na mashine ile si ya kufanyia majaribio. Bi Amne hakubishana. Sahani yake tu ndiyo ikawa inarudi jikoni na chakula nusu.

Aliyeziona sahani hizo ni Rukiya, mjane wa Mtongwe, Mombasa, aliyekuwa na mwaka wa sita akimwangalia Bi Amne. Shule aliishia darasa la saba, lakini kitu kikipita mbele ya macho yake hakikupita bure. Eda aliijua, alikwisha kuikaa. Alijua mtu hutoka humo ameshikilia kitu kimoja kidogo, na kikichukuliwa hicho anakunjika. Akaswali adhuhuri yake, akamfuata Sufyan sebuleni, akamwomba asikatae. Aweke sharti.

Sufyan akasema karavani ilale uani usiku mmoja bila waya wa nyumba, mashine ikifanya kazi. Alfajiri betri ikiwa bado iko nusu au zaidi, Ijumaa wataenda. Ikishuka chini ya nusu, Jumamosi mnunuzi achukue gari lake.

Siku ya pili akaletwa fundi kutoka Rashidiya, Mganda aitwaye Sowedi, mcheshi, mwenye kofia ya kazi kichwani na ya swala mfukoni. Alifanya kazi siku mbili. Betri ya zamani aliitupa akaweka mpya, akafunga sola juu ya paa, akabadilisha taa zote, na friji akaitoa kwenye stima akaitia kwenye gesi. Ukutani, juu ya kitanda cha Bi Amne, akabandika kioo kidogo chenye namba mbili. Ya juu ilionyesha betri imebaki asilimia ngapi. Ya chini ilionyesha stima inatoka kwa kasi gani.

Upande wa maji Rukiya hakutaka fundi. Alijaza tangi mwenyewe, akafunga bomba la kuogea, akaweka birika moja la udhu na beseni la kukinga. Mtu aliyelea watoto watatu kwa madumu ya kununua hafundishwi kuoga kwa kopo.

Jumatano usiku wakalala humo wawili, Bi Amne na Rukiya. Betri ilikuwa mia. Rukiya akaweka waya wa nyumba mlangoni, karibu na mkono, kwa sababu yeye hakuwa mtu wa kuweka roho ya mwenzake rehani. Kabla adhana ya alfajiri haijatoka, chombo alichokifunga fundi chini ya kiti, cha kuonya betri ikikaribia kuisha, kikaanza kulia kama mbuzi. Kioo kilisema asilimia kumi na moja. Akachomeka waya, mashine ikaendelea kupuliza, na Bi Amne wala hakugeuka.

Sufyan alikuja amevaa kandura yake ya kuendea msikitini, akakitazama kioo.

"Khalas, Rukiya," akasema. "Umejaribu, Mungu akulipe."

Rukiya akamwambia jaribio lilikuwa la betri, na betri haijaulizwa bado imepeleka wapi stima yote ile. Akaomba usiku mmoja zaidi. Alhamisi ilikuwa mbele yao, na Jumamosi bado haijafika. Sufyan akavuta pumzi, akasema haya, huo na basi.

Sowedi alipoitwa alikuwa na jibu lake tayari. Betri moja haitoshi, iongezwe ya pili. Lakini pa kuiweka ni chini ya kitanda cha Bi Amne tu, na kukikata kitanda na kukirudisha ni kazi ya kufika wiki ijayo.

"Usiniongezee betri," Rukiya akamwambia. "Nionyeshe kwanza anayekula."

"Mama Rukiya, anayekula ni mashine. Inapuliza usiku kucha. Wewe ukipuliza usiku kucha hutachoka?"

Bi Amne, aliyekuwa amekaa kitandani akiwasikiliza, alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza wiki ile.

Rukiya aligeukia kioo. Kule Mtongwe, baada ya kufiwa, nyumba yake ilikuwa na mita ya tokeni, na mita ile ina kitaa chekundu kinachopepesa. Stima ikiliwa kidogo, kinapepesa polepole. Ikiliwa sana, kinakimbia. Alikuwa akisimama mbele yake jioni, anazima kitu kimoja, anatazama, anazima kingine, mpaka amkamate mwizi. Ndivyo alivyojua kwamba pasi iliyochomekwa na kusahauliwa inamaliza tokeni kuliko taa za mwezi mzima. Sasa hapa kila mtu alikuwa akitazama namba ya juu, iliyobaki. Yeye akaitazama ya chini.

Akamwomba Bi Amne ajilaze, akawasha mashine kama usiku. Namba ya chini ikasimama kwenye nane. Akazima taa, na namba haikutingishika. Akazima pampu ya maji, ikabaki pale pale. Mashine peke yake ilikuwa ikila nane, na mle ndani hakuna kingine kinachokwenda. Akasema bismillahi, akaweka kiganja juu ya kile kijisanduku, kwanza mbele, kisha ubavuni, kwenye kikombe cha maji kilichoshikana na mashine.

Akaacha mkono hapo.

"Fundi, njoo ushike."

Sowedi akashika. Uso wake ukabadilika. Kikombe kilikuwa na joto kama chai iliyosahauliwa.

"Hii haipulizi tu," Rukiya akasema. "Hii inachemsha maji."

"Ndiyo maana pua yangu hutoka jasho," Bi Amne akasema chini ya mpira wake. "Na nyie mnaniambia ni uzee."

Kitufe cha joto hilo kilikuwa ubavuni, na picha ya tone la maji juu yake. Sowedi alitaka kukibonyeza hapo hapo, Rukiya akamzuia mkono. Yeye si daktari, na fundi wa magari naye si daktari. Aitwe Sufyan, apige simu kliniki. Sufyan akapiga, akasikiliza, akauliza mara mbili. Muuguzi akamwambia joto lile ni la kulainisha hewa tu. Kwa mama huyu usiku mmoja au miwili bila joto hauna neno, koo litakauka kidogo, anywe maji.

Hapo ndipo Rukiya akabonyeza. Wote wanne wakakikodolea kioo. Nane ikawa saba, ikawa nne, ikatua kwenye mbili.

"Mama, umesomea wapi haya?" Sowedi akauliza.

"Kwa mita ya tokeni. Ada yake kali."

Usiku wa Alhamisi hakuna kilicholia. Alfajiri Rukiya alimkuta Sufyan amekwisha kufika mlangoni mwa karavani, viatu mkononi ili asiamshe mtu. Kioo kilisema sabini na moja. Sufyan alikisoma, akakisoma tena, akaenda msikitini.

Ijumaa baada ya swala wakatoka, karavani mbele na Sufyan nyuma kwa gari lake. Sowedi ndiye aliyeendesha, kwa sababu alisema injini ile inajua mkono wake. Walipofika mchangani, Sufyan akafungua buti, akatoa jenereta mpya kabisa, bado ina karatasi zake. Alimwona Rukiya anaitazama.

"Tahadhari tu," akasema.

"Tahadhari ni jambo jema, Bwana Sufyan. Iweke hapo karibu na mlango."

Kulipopambazuka Rukiya alitia udhu kwa maji ya birika nusu, akaswali mchangani, jua likiwa bado halijatoka na baridi ikimuuma vidole. Aliporudi ndani kioo kilikuwa sabini kamili na Bi Amne amelala fofofo. Akamwacha. Hata alipoamka mwenyewe, jambo la kwanza alilosema ni kwamba koo limemkauka kama mchanga wa nje, na la pili kwamba Mundhir alikuwa akipenda kuegesha gari mlango ukielekea mashariki, kama hivi.

Kahawa ikapikwa. Meza ya kukunja ilikuwa imebaki uani, hakuna aliyeikumbuka. Rukiya akatandika kitambaa juu ya jenereta, akapanga vikombe vinne na sahani ya tende, mama na mwanawe wakavuta viti.

"Yule mnunuzi wako wa leo," Bi Amne akamwambia mwanawe, "atakuja saa ngapi?"

Sufyan alikuwa akitoa tende kokwa. "Haji, mama. Nilimpigia jana asubuhi, nikitoka msikitini."

Bi Amne akasogeza kikombe chake, akamwonyesha Rukiya kiti.

"Kaa nawe unywe," akasema. "Na umwambie huyo fundi aamke, kahawa inapoa juu ya mtambo wa watu."